Kitambaa cha Monsieur Colin

"Nguo hii ni ya nani?"

Niliulizwa swali hilo nikiwa mtoto, mlangoni mwa ukumbi mmoja hapa Brussels, na mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe na utepe mpana begani, aliyekuwa akipokea wageni. Aliuliza kwa Kifaransa, kwa sauti ya upole, huku akigusa mkono wa gauni langu kwa ncha za vidole. Nilijua nani aliyelishona, nilijua duka lililouza kitambaa, nilijua hata mahali ambapo sindano ilivunjika na mama akasonya. Lakini niliona kwamba hayo siyo aliyoyauliza. Nikainua uso kumtazama mama.

Mwezi uliopita tulimhamisha mama kutoka Schaerbeek kwenda Koekelberg, kwenye jengo lenye lifti, kwa sababu magoti yake yamechoshwa na ngazi. Chini ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki, nikalikuta gauni lile. Lilinuka dawa ya nondo, na nyuma ya dawa ya nondo kulikuwa na harufu nyingine, ya kitambaa kilichopigwa pasi kikiwa bado na unyevu. Wengine wakitaja utoto wao husema mkate, au mvua juu ya vumbi. Mimi nina mvuke wa pasi.

Mama alikuwa fundi cherehani. Cherehani yenyewe ilikaa sebuleni, dirishani, na kila tramu ilipopita chini sindano ilitetemeka kidogo, naye aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio akasubiri ipite. Kwenye kioo alibandika karatasi iliyosema kwa Kifaransa kwamba anarekebisha nguo. Wateja wake wengi walikuwa watu wa kwetu, wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na walichomletea zaidi ni vikwembe, yaani vitenge, vya sherehe.

Wanaoijua desturi hii watanivumilia. Pakiwa na ndoa, ubatizo au matanga, ukoo huchagua kikwembe kimoja, na kila anayehesabiwa kuwa wa ukoo hushona nguo yake kutoka kitambaa hicho hicho. Mitindo ni ya kila mtu na mwili wake, ila kitambaa ni kimoja. Siku yenyewe huna haja ya kuuliza nani ni nani. Unasimama mlangoni unaona: hawa wa bibi harusi, hawa wa bwana harusi, na wale kule, wenye rangi zao mbalimbali, ni wa kuja kula. Mimi niliyakuta mambo hayo yakiwa hivyo, nikadhani ni hivyo dunia nzima. Niliamini kwamba mtu huzaliwa na kitambaa kama anavyozaliwa na jina.

Baba hakuwa akiishi nasi. Alikuwa amehamia Forest, upande mwingine wa jiji, karibu na kiwanda cha magari alichofanyia kazi, kile ambacho sasa kimefungwa. Niliambiwa amehamia huko ili awe karibu na kazi, nami nikakubali, maana ilikuwa kweli kwamba alikuwa karibu na kazi. Kwamba katika nyumba ile ya Forest kulikuwa na mwanamke mwingine, hilo nililiona kwa macho yangu kila Jumapili, na bado sikulitia katika hesabu. Nilidhani naye anafanya kazi kiwandani.

Basi binti mmoja wa upande wa baba akawa anaolewa. Dada mkubwa wa baba, Tantine Béa, ndiye aliyekuwa mkuu wa sherehe zote za ukoo. Alikuwa mwanamke wa manukato makali na kauli fupi. Alipanda ngazi zetu akiwa na jora zima, maua ya machungwa juu ya zambarau, akaliweka mezani, akamwachia mama vipimo vya watu. Mama alishona wiki nzima. Nguo zikawa zinaning'inia kwenye kamba iliyokatiza sebule, tukawa tunapita chini yake tukiwa tumeinama kama watu wanaopita chini ya matawi. Langu lilikuwamo, gauni lenye mkanda. Nikawa nangoja mama akate lake. Jora likapungua, likaisha, mama akachukua ufagio.

"Na yako?" nikamuuliza.

"Ya kwangu haiko," akasema, akaendelea kufagia nyuzi.

Nilidhani kitambaa hakikutosha. Nikamkasirikia Tantine Béa kwa kutokujua kupima. Siku ya arusi mama alivaa nguo yake ya buluu ya kanisani, akaketi upande wa waliokuja kula, mimi nikaketi na ukoo, katika maua ya machungwa. Kila nilipogeuka kumtafuta aliinua uma wake kidogo, maana yake, kula. Nguo zote za meza yangu zilikuwa zimetoka mikononi mwake.

Huo ndio mwaka aliokuja kwetu Monsieur Colin.

Alikaa ghorofa ya chini ya jengo letu. Alikuwa Mskoti, mfasiri mstaafu wa zile ofisi za Ulaya, mzee mrefu, mwekundu wa uso, mwenye adabu nyingi kiasi cha kunitia mashaka. Alibisha hodi, akaomba radhi kwa kubisha hodi, kisha akatoa ndani ya mfuko sketi. Ilikuwa ya sufu nzito, yenye marinda nyuma, mirabamiraba ya kijani na buluu iliyokolea hadi karibu na weusi. Akauliza kama Madame anaweza kuipanua kiunoni.

Mama aliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kwa sababu alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba ni ya marehemu mke wake. Akamuuliza kwa sauti ya chini kama anavyo vipimo vya atakayeivaa. Monsieur Colin akainua mikono yake yote miwili hewani ili apimwe.

Mama alisimama na futi yake. Kisha akaizungusha kiunoni mwa mzee yule, akasoma, akaandika. Mlango ulipofungwa, na hatua zilipofika chini kabisa, ndipo alipoketi juu ya kapu la nguo za pasi akacheka mpaka akashika mbavu. Alipomaliza kucheka aliigeuza ile sketi ndani nje. Marinda yalikuwa yamekunjwa hivi kwamba mistari haikuvunjika popote. Kila mraba uliendelea juu ya kunjo kama kwamba kunjo halipo. Alilitazama jambo hilo kwa muda mrefu, mtu wa kazi akitazama kazi.

Mzee aliporudi kuijaribu, mama alikuwa amezisogeza bizimu na mikanda ya ngozi, na ilimkaa vizuri. Mama akamuuliza ni ya sherehe gani. Akaeleza kwamba kila mwaka Waskoti wa Brussels hufanya gala: wanakula, wanacheza ngoma za kwao, wanachanga kwa ajili ya nyumba ya watoto wasio na wazazi. Wanaume huenda wamevaa hivi.

"Na kitambaa?" mama akauliza.

"Kwetu, Madame, kila ukoo una kitambaa chake."

Sidhani kama kuna mtu katika jiji hili aliyewahi kuelewa sentensi hiyo haraka kama mama yangu. Hakuuliza Uskoti iko wapi, wala kwa nini mwanamume avae sketi. Aliuliza kile ambacho mtu wa kwetu angeuliza: wa kitambaa hiki mko wangapi hapa Brussels?

"Mimi tu," akasema Monsieur Colin.

Mama aliikunja sketi polepole kuliko ilivyohitajika. Akataka kujua anaketi wapi siku ya sherehe. Akajibiwa kwamba anaketi pale kiti kinapobaki.

Siku chache baadaye mzee alipanda tena ngazi, akaomba radhi tena. Alisema anaruhusiwa kwenda na wageni, hajawahi kwenda na mtu, na kama Madame na binti yake wangependa, yeye angefurahi. Mama akamshukuru, akamwambia tutakwenda. Mlango ulipofungwa akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyepewa kazi, kwamba sasa tunatafuta kitambaa.

Alikuwa amechomoa nyuzi chache kutoka ndani ya pindo la ile sketi. Tulizunguka nazo kwenye maduka ya Waturuki, moja baada ya jingine, na kila mara mama alitoka na jora hadi mlangoni ili alinganishe na nyuzi zake penye mwanga wa jua. Mwishoni tukapata pamba nyepesi, ya kushonea sare za shule, yenye mirabamiraba ileile au karibu ileile. Mwenye duka alisema si sawa na nyuzi hizo. Mama akamwambia anajua si sawa, ila hivi viwili vimetoka tumbo moja.

Alijishonea libaya, ile blauzi ya kwetu, yenye mabega yaliyosimama, kikwembe cha kufunga kiunoni, kingine cha juu yake, na kitambaa cha kichwa. Mimi akanishonea gauni lenye marinda nyuma, na marinda hayo aliyafumua mara kadhaa akitafuta ule mstari usiovunjika. Hakuupata kikamilifu. Najua, kwa sababu gauni liko mbele yangu sasa hivi.

Nguo zilikuwa kwenye kamba siku Tantine Béa alipopita kuchukua suruali ya mumewe. Aliuliza hii ni ya fête, yaani sherehe, ya nani. Mama akamweleza. Tantine Béa akaishika ile libaya kwa vidole, akaichungulia mshono, maana hata katika dharau hakuacha kukagua.

"Alors, Joséphine," akasema, "ukoo yetu imekukatala, sasa unaenda kujibandika ku ya bazungu?"

Mama alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa zote, akazichomeka kwenye mto wake.

"Mwenye kukuita ku fête yake, unavaa kitambaa yake. Si mama yako njo alitufundisha ile?"

"Mama yangu alisema bantu ya kwetu."

"Hakusema vile, Béa."

"Bon. Batakucheka. Muntu atakuuliza, wewe ni nani hapa? Utajibu nini?"

Tantine Béa alichukua suruali yake akashuka. Ndipo nilipojua, kwa mara ya kwanza, kwamba lile jora la maua ya machungwa halikuisha kwa bahati mbaya. Mtu alilipima vizuri sana. Mama alirudi kwenye cherehani, akachukua libaya, akaanza kufumua mkono ambao haukuwa na kosa lolote. Nikamuuliza kama kweli watatucheka. Akasema labda. Kisha akaniambia nisogee anipime urefu.

Kwa hiyo mwanamke yule mrefu alipouliza mlangoni nguo hii ni ya nani, mimi nilisikia sauti ya Tantine Béa. Nilimtazama mama, na mama alikuwa ameshajinyoosha.

"Ni ya Monsieur Colin," akasema.

Yule mwanamke alitazama libaya, akatazama kitambaa cha kichwa, akatazama gauni langu. Kisha akatufungulia mlango yeye mwenyewe.

Ndani kulikuwa na meza za duara, taa nyingi, na wanaume wengi kuliko nilivyotarajia waliovaa sketi. Nyekundu, za manjano, za kijani cha nyasi, za kijivu na zambarau. Baadhi yao walikuwa wamechomeka visu vidogo kwenye soksi, nikaushika mkono wa mama. Nilichohitimisha ni kwamba huu ni ukoo mmoja mkubwa ambao ulishindwa kukubaliana juu ya kitambaa. Nilimweleza mama hivyo. Aliniambia nifunge mdomo niangalie tu.

Monsieur Colin alikuwa kwenye meza ya pembeni kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Alituona tukija, akasimama, na uso wake uliokuwa mwekundu siku zote ukawa mwekundu hadi masikioni. Akapeleka mkono kiunoni, kwenye mikanda ile mama aliyoisogeza, akaishika. Nikaelewa kilichotokea: kazi ya mama imeshindwa, sketi imembana, au itaanguka. Hakusema neno lolote kuhusu nguo zetu. Alivuta viti, akatuketisha, akatumiminia maji ya matunda. Mama aliketi wima na mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa kwenye dirisha la ofisi ya manispaa. Naye alikuwa ameona kwamba mzee hakuzitaja nguo zetu.

Halafu likaanza zumari la mfuko. Watu wote walisimama. Mpigaji aliingia polepole, mashavu yamejaa, na nyuma yake mtu amebeba sinia juu ya mabega, na juu ya sinia kitu cha duara, cha kijivu, kinachofuka moshi. Kikawekwa mezani mbele. Mwanamume mwenye kisu akakisomea maneno marefu kwa lugha nisiyoijua, kwa huzuni na ghadhabu, watu wakimsikiliza wameinamisha vichwa. Nikamuuliza mama nani amekufa. Akasema hajui, nisimame vizuri. Baadaye yule marehemu akaletwa kwenye sahani zetu. Lilikuwa tumbo la kondoo lililojazwa nyama za ndani na nafaka. Mama alionja, akatafuna, akaonja tena.

"Hii ni ya kwetu," akaniambia kwa Kiswahili. "Inakosa paka pilipili."

Pilipili tu ndiyo iliyokosekana, na alikuwa nayo, bila shaka, kwenye mkoba. Monsieur Colin akaiomba, akaweka nyingi mno, akakohoa, akaweka tena.

Kwenye meza yetu kulikuwa na bwana mmoja mnene mwenye kitambaa cha manjano, mtu wa moyo mwema, naamini hivyo hadi leo. Aliinama upande wa mama akamwambia amefurahi sana kuona mwaka huu wamemleta mmoja wa watoto wa ile nyumba wanayoichangia, na jinsi mtoto mwenyewe anavyoonekana ana afya, na kwamba wanaowalea watoto hao wanastahili shukrani. Alisema yote hayo akinitazama mimi kwa tabasamu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtoto ni mimi.

Uma wa Monsieur Colin ulisimama hewani.

Mama aliweka glasi chini. "Huyu ni mtoto wangu, Monsieur," akasema kwa kile Kifaransa chake cha kanisani, neno moja moja. "Na sisi ni watu wa Monsieur Colin."

Bwana yule aliomba radhi, tena na tena. Kisha, kwa mara ya kwanza, akazitazama nguo zetu, akamtazama Monsieur Colin, akarudi kwenye nguo zetu, na akatabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. Sikuielewa tabasamu ile. Nikaihesabu kuwa ni adabu.

Kabla ya ngoma kulikuwa na desturi yao ya kuita koo. Mwenyekiti wa sherehe alisimama kwenye kipaza sauti akataja jina, na wote wenye kitambaa cha jina hilo wakasimama, wakainua glasi, wakapiga kelele ya furaha, wakaketi. Jina jingine, kundi jingine. Kuna meza zilizosimama zote kwa pamoja, na kuna mahali waliposimama mume na mke tu. Mama alilielewa jambo lenyewe kabla halijaelezwa. Aliniinamia sikioni: "Sasa batatuita." Akanyoosha kitambaa chake cha kichwa, akanifuta mdomo kwa kidole gumba.

Majina yakaendelea. Tuliangalia watu wakisimama kushoto, kulia, nyuma yetu. Bwana wa kitambaa cha manjano alisimama, akaketi. Nilimtazama Monsieur Colin, naye alikuwa anatazama sahani yake, na nikaona kwamba anaijua orodha yote na anajua hatumo. Mama naye akawa ameona. Hakugeuka, ila mkono wake uliokuwa juu ya meza uliteremka taratibu mapajani, ukaushika mkoba. Mwenyekiti alisema kitu cha kuchekesha kuhusu wale aliowasahau, watu wakacheka, akaikunja karatasi yake.

Kiti kikakwaruza sakafu. Monsieur Colin alikuwa amesimama. Hakumtazama mwenyekiti, alimtazama mama, akamnyooshea kiganja kikiwa wazi, kama mtu anayeomba kucheza na mwenzake. Mama alisimama. Akanivuta kwa bega, nami nikasimama. Ukumbi ukatugeukia.

Monsieur Colin alitaja jina lake la ukoo, kwa sauti isiyokuwa kubwa. Kisha akaongeza kwa Kifaransa, ili nasi tusikie:

"Mwaka huu tuko watatu."

Mtu mmoja, mahali fulani nyuma, alicheka kicheko kifupi kilichokatika chenyewe. Halafu yule mwanamke mrefu wa mlangoni akaanza kupiga makofi, mikono yake juu ya kichwa, na wengine wakamfuata. Nadhani wapo waliopiga kwa moyo, na wapo waliopiga kwa sababu kutokupiga kungeonekana. Siku hizi naweza kuwatofautisha watu kama hao. Siku ile makofi yote yalikuwa makofi. Mama aliinua glasi yake ya maji ya matunda juu kabisa. Mimi nilikuwa natazama mikanda ya sketi, nikiomba ishike, na ilishika.

Mama alicheza jioni ile. Ngoma zao ni za kushikana mikono kwa mistari, kupita chini ya mikono ya wengine na kutokea upande wa pili, na baada ya kukosea mara moja hakukosea tena. Picha ipo: libaya imesimama mabega, Monsieur Colin amefumba macho, mimi nimekatwa nusu.

Tantine Béa aliiona picha hiyo ukutani. Aliikaribia, akavaa miwani.

"Na mwaka kesho," akasema bila kugeuka, "ule muzee anaongeza bantu?"

"Nitamuuliza," mama akasema.

Hakumuuliza kamwe, na Tantine Béa aliendelea kungoja kwa miaka. Vikwembe vya ukoo wa baba viliendelea kuletwa, na kipande cha mama hakikuwamo. Alishona, akapokea ujira wake, akafagia. Ila sasa alikuwa akiimba wakati wa kufagia, na kila vuli alishusha pindo la gauni langu, hadi halikuwa na pindo la kushusha, akanishonea jingine.

Niliacha kwenda gala nilipoingia chuo kikuu. Nilikuwa nimeanza kuuliza maswali, na jibu la kila swali lilizaa mengine. Nilisoma kwamba vingi vya vitambaa hivyo vya koo si vya kale kama wanavyosema, kwamba wafanyabiashara wa sufu walikuwa na mkono wao katika kuvigawa. Nilisoma pia kwamba vikwembe tunavyoviita vya kwetu vilichorwa Uholanzi. Nilimweleza mama habari zote mbili jioni moja, nikitarajia mabishano. Akaniuliza kama wale Waholanzi walikuwa mafundi wazuri.

Nilimbana Monsieur Colin vilevile. Nilishuka kwake nikanywa chai yake, nikamuuliza ukoo wake ulitoka bonde gani, ulipigana na nani, ulikuwa upande wa mfalme yupi. Alikata keki. Akasema yeye hakuwahi kuwa mtu wa vita. Nilipopanda ngazi nilijiambia kwamba huo ni unyenyekevu wa watu wa umri wake. Sikugundua kwamba katika miaka yote hiyo alisema tu kwamba kila ukoo una kitambaa chake. Hakusema hata mara moja kwamba hiki ni cha kwake.

Alifariki msimu wa baridi uliopita. Kwenye chumba cha kuagia, benchi la mbele, la jamaa, lilikuwa tupu, na mtu wa mazishi akatuuliza sisi ni nani. Mama akafungua koti lake ili aone libaya ya mirabamiraba. Tukapelekwa mbele. Yule mwanamke mrefu wa mlangoni alikuja, sasa akitembelea mkongojo, akaketi karibu nami. Mama aliposimama kwenda kuweka maua, nilimuuliza yule mwanamke lile lililokuwa likinikera tangu utotoni: jioni ile, kwa nini aliniuliza nguo ni ya nani, wakati alikuwa Mskoti na angejua kwa kutazama?

Akasema alijua. Alitaka kusikia tutajibu nini.

Monsieur Colin, akaniambia, alikulia katika nyumba ya watoto kama ile tuliyokuwa tukiichangia, na jina lake alipewa na waliomlea. Sketi aliinunua dukani, akiwa kijana mgeni hapa Brussels, baada ya kualikwa gala kwa mara ya kwanza. Na kitambaa kile hakina ukoo; ndicho wenye maduka wanachomtolea mteja aliyeulizwa jina la watu wake akakosa la kusema.